Barabara Ile Haikuwa Tupu

Mwaka jana nilialikwa, kwa heshima ya mvi zangu, kuhudhuria maonyesho madogo ya picha katika shule moja ya sekondari. Mwalimu wa sanaa, kijana mwenye sauti nzuri na fimbo ndefu ya kuelekezea, alisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Ukutani alikuwa amebandika nakala ya picha ya mji wa Paris usiku. Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe: barabara ya mawe iliyolowa mvua, taa mbili tatu, ukuta mrefu, wala hapana mtu. Kijana akasema: "Tazameni upweke wa mwanadamu wa mjini. Weusi huu ni dhambi na hofu. Mwanga huu mdogo ni matumaini yanayokaribia kuzimika. Mji umekufa." Watoto wakaandika. Wageni wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Baadaye kijana alinifuata chini ya mwembe. "Shikamoo, Mzee. Naona somo langu halikukupendeza." Nikamwambia marahaba, na kwamba jibu langu ni refu tena lina aibu ndani yake, hivyo nitamwandikia. Jibu lenyewe ndilo hili, na wewe msomaji unaruhusiwa kulisoma, kwa maana ugonjwa ninaousema si wa kijana huyo peke yake. Mimi niliugua kabla yake, tena nikiwa na cheo.

Dai langu ni hili. Mtu anayetazama picha ya barabara usiku, akaanza kwa kutaja upweke, dhambi, hatari na mauti, hajaitazama picha. Ametazama moyo wake mwenyewe, kisha akaubandika ukutani. Picha ya usiku, hasa hii isiyo na rangi, ni shahidi mwenye ulemavu wa aina tatu au nne zinazojulikana. Hakimu asiyeujua ulemavu wa shahidi wake atafunga watu wasio na hatia. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi naongeza kwamba usiku wenyewe nao hauna budi kujulikana.

Tuanze na hiyo picha ya Paris. Ni kazi ya Brassaï, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gyula Halász. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Brassó, ambao siku hizo ulikuwa chini ya Hungaria na leo umo Romania. Alihamia Paris mwaka 1924, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akatoa kitabu chake mashuhuri cha picha, Paris de nuit. Alitembea usiku na kamera ya vioo, yaani ile ambayo kila picha ilihitaji kioo chake chenye dawa, pamoja na stendi ya miguu mitatu. Mwanga wa taa za barabarani ulikuwa hafifu mno kwa vioo vile, hivyo ilimpasa kuiacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Mwenyewe alieleza kwamba alipima muda huo kwa sigara: Gauloises moja kwa mwanga wa kiasi, na Boyard, ambayo ni nene zaidi, palipokuwa na giza zaidi.

Hebu fikiri, msomaji. Lenzi iko wazi muda wa kuvuta sigara nzima. Mtu akipita mbele yake kwa mwendo wa kawaida, kila mahali anapokanyaga anapakalia kwa nukta moja tu, kisha huyo amekwenda. Mwanga aliouacha juu ya kioo ni kidogo kiasi kwamba ukuta na mawe yaliyo nyuma yake, ambayo hayaendi popote, yanamfuta kabisa. Anayebaki ni yule aliyesimama tuli. Sisemi kwamba kila barabara aliyoipiga Brassaï ilikuwa imejaa watu. Nasema kwamba picha ya namna ile haina uwezo wa kushuhudia kwamba ilikuwa tupu. Na mvua ile ambayo kijana wetu aliiita machozi ya mji? Mawe makavu hayarudishi mwanga vizuri. Mawe yaliyolowa yanaung'arisha. Mpiga picha wa usiku huipenda mvua kama mkulima anavyoipenda, yaani kwa sababu ya kazi.

Jambo hili lilijulikana tangu siku za mwanzo kabisa. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mjini Paris, akiwa dirishani. Ilikuwa mchana, lakini dawa za wakati ule zilikuwa nzito kushika mwanga, kwa hiyo lenzi ilikaa wazi kwa dakika kadhaa. Barabara ile kubwa, iliyokuwa na watu na magari ya farasi, ilionekana tupu. Walioshikwa na picha ni mtu mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu, na kivuli cha yule anayemsugulia. Mtu yule hutajwa kuwa miongoni mwa wanadamu wa kwanza kuonekana katika picha, na kilichompa sifa hiyo ni kwamba alitulia. Naomba ulikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Ulemavu wa pili ni wa flashi. Tumchukue Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, mpiga picha wa magazeti wa New York. Kuanzia mwaka 1938 alikuwa na redio ya polisi ndani ya gari lake, akawahi kwenye mauaji na moto kabla ya wenzake, na mwaka 1945 akatoa kitabu chake Naked City. Katika picha zake nyingi watu wanang'aa kama chaki na nyuma yao ni weusi mtupu. Wafasiri wanasema: tazama jinsi mji ulivyomezwa na giza. La hasha! Mwanga wa flashi hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Aliye karibu anaungua kwa weupe, na duka lililo ng'ambo ya barabara linapotea, hata kama lilikuwa wazi na mwenye duka yuko mlangoni. Giza lile linaonyesha mwisho wa nguvu ya flashi, wala si mwisho wa New York.

Ulemavu wa tatu ni wa kupangwa. Picha mojawapo ya Weegee inayosifiwa sana ni ile ya mwaka 1943, mabibi wawili matajiri wakiingia kwenye jumba la opera na mwanamke maskini akiwakodolea macho kwa hasira. Msaidizi wake alisimulia baadaye kwamba mwanamke yule alichukuliwa kutoka baa, akapewa kinywaji, akasogezwa pale kwa makusudi. Naye Bill Brandt, aliyetoa kitabu A Night in London mwaka 1938, aliwatumia ndugu na marafiki zake wasimame badala ya watu wa mitaani. Brassaï pia aliwaomba rafiki zake wamsaidie kuigiza. Siwalaumu, walikuwa watu wa kazi na walijua wanachokifanya. Lawama yangu ni kwa sisi tunaosimama miaka mingi baadaye na fimbo mkononi, tukisema "hivi ndivyo ilivyokuwa".

Ulemavu wa nne ni wa rangi zenyewe. Nyekundu na kijani, ambazo jicho huzitenganisha mara moja, huweza kutoka kijivu kilekile. Na chini ya taa za zebaki, zile za mwanga wa samawati zilizotumika sana mabarabarani, kitambaa chekundu huonekana karibu cheusi, kwa sababu taa hizo hazina wekundu wa kutosha wa kukimulika.

Pengine utauliza: Mzee huyu, aliyefundisha ualimu maisha yake yote, kamera zinamhusu nini? Sasa naingia kwenye aibu niliyoitaja.

Mwaka 1989 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika mji wa mkoa. Sitautaja mji wala chuo, kwa kuwa wahusika wako hai. Mwaka huo taa za barabara kuu zilikuwa zimetengenezwa baada ya kuzimika kwa muda mrefu, na mpiga picha mmoja wa mjini alizipiga picha usiku, akaisafisha kwa ukubwa wa kutosha na kuitundika kwenye dirisha la studio yake karibu na soko. Ilikuwa picha nzuri kweli. Safu ya taa ilikwenda mpaka mwisho wa barabara, kila taa na taji lake la mwanga. Lami ilikuwa tupu. Na chini ya taa ya tano, hatua chache kutoka mlango wa baa, alionekana msichana mmoja ameegemea nguzo.

Mkufunzi mmoja aliitambua sura yake. Alikuwa mwanachuo wetu wa mwaka wa pili. Picha ikanunuliwa, ikaletwa chuoni, kamati ya nidhamu ikaketi nami nikiwa mwenyekiti.

Msichana alikiri kwamba alitoka bila ruhusa. Alisema alikwenda kituo cha basi kumpokea mama yake mdogo aliyeleta mzigo kutoka nyumbani, basi likachelewa, mama mdogo akawa anahangaika huku na huku kutafuta mkokoteni, naye akaambiwa asimame pale alinde kifurushi. Alisema ilikuwa kama saa mbili usiku na watu walikuwa wengi.

Watu wengi! Tulicheka. Picha ilikuwa mezani. Tulimwambia aonyeshe hao watu wengi. Alitazama, akanyamaza, kwa sababu kweli hawakuwapo. Kwa kuwa barabara ilikuwa tupu tulikata shauri kwamba haiwezi kuwa saa mbili. Bila shaka ilikuwa saa sita au saa saba usiku. Na msichana anayesimama peke yake karibu na baa saa saba usiku anafanya biashara gani? Mkufunzi wetu wa sanaa, mtu msomi niliyemheshimu, ndiye aliyemaliza kazi. Alitufasiria picha kwa ufasaha: mlango wa baa ni kinywa kilicho wazi, gauni jeusi linasema habari ya aliyelivaa, nguzo anayoiegemea ni ishara ya aliyepoteza msimamo. Hata mstari mwembamba mweupe uliopita chini kwenye lami, ambao hakuna aliyejua ni nini, aliuita njia ya upotevu. Nakumbuka nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa macho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha ishara kwa miaka mingi, kwamba nyeupe ni usafi na nyeusi ni uovu, na sikuona ubaya wa kuzitumia juu ya binadamu aliyesimama mbele yangu.

Kwa kosa la kutoka bila ruhusa adhabu yake ilikuwa wiki mbili za kufyeka. Kwa kosa tulilolisoma kwenye picha, tulimsimamisha masomo mwaka mzima. Nilitia sahihi yangu. Hakurudi tena.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, nilihitaji picha za pasi, nikaenda kwenye studio ile. Nakala ya picha ilikuwa bado ukutani. Nikamwambia mwenye studio, kwa majivuno ya kijinga, kwamba picha yake iliwahi kunisaidia kazi. Akauliza kazi gani. Nikamsimulia. Mzee yule akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulidhani barabara hii ilikuwa tupu?"

Akanieleza. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamepokea mishahara, saa mbili kasoro. Alilibana tundu la lenzi ili taa zote zitoke kali, kwa hiyo ilimbidi aiache kamera wazi huku akihesabu moja mpaka arobaini. Watu walipita mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho wa hesabu. "Waliotembea wote wamekwenda na maji," alisema. "Huyu binti ndiye pekee aliyetulia." Kisha akaweka kidole juu ya ule mstari mweupe. "Na huyu unamwona? Baiskeli. Taa yake ya dinamo imepita hapa. Mwenye baiskeli haonekani, taa yake imebaki." Nikamuuliza kuhusu gauni jeusi. Akacheka kidogo. Taa zile, alisema, hazijui wekundu. Binti alikuwa amevaa khanga nyekundu. Aliikumbuka kwa sababu alimwona kwa macho yake.

Nilisimama pale dukani, mkuu wa chuo mzima, nikitazama mstari wa baiskeli. Ushahidi wa kwamba watu walikuwapo ulikuwa mezani kwetu siku ile yote. Tuliuona, tukaupa jina la kishairi, tukaendelea na kazi ya kumhukumu mtoto wa watu. Na hapo ndipo nilipoielewa picha ya Daguerre, ambayo nilikutana nayo kitabuni baadaye nilipoanza kuazima vitabu vya upigaji picha. Aliyetulia huonekana. Wa Daguerre akapata sifa. Wa kwetu akapata fedheha. Mashahidi wake wote walikuwa wakitembea.

Nilimfuata kijijini kwao. Alikuwa na mtoto mmoja na cherehani, anashona kwenye baraza ya baba yake. Aliniamkia "Shikamoo, Mwalimu" kama vile sijamkosea kitu. Nilimweleza yote: kuhesabu arobaini, baiskeli, taa za zebaki. Nikamwambia nitafanya kila niwezalo arudi chuoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi wake kwa meno, akasema: "Mwalimu, mimi nilisema siku ile." Basi. Hakurudi, na sikuwa na haki ya kumlazimisha. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuwa akiishi nami zaidi ya miaka thelathini.

Sasa, kijana wangu, najua utanijibu. Utasema kwamba sanaa si mahakama; kwamba Brassaï hakutaka tuhesabu taa bali tuguswe; kwamba mtazamaji ana haki ya kuhisi upweke. Nakubali. Hisi. Mimi pia nikizitazama zile picha za Brandt za London ya wakati wa vita, taa zote zimezimwa kwa kuhofia ndege za Wajerumani, mji umemulikwa na mwezi tu, mwili hunisisimka. Lakini kuna tofatuti kubwa kati ya kusema "picha hii inanifanya nihisi upweke" na kusema "picha hii inaonyesha mji uliokufa". Ya kwanza ni habari zako, na hakuna atakayekupinga. Ya pili ni habari za watu wengine. London ile haikuwa imekufa. Mamilioni walikuwa hai nyuma ya mapazia meusi waliyoamriwa kuyatundika. Anayefasiri kwa hisia peke yake atawafuta watu hao mara ya pili, baada ya kamera kuwafuta mara ya kwanza.

Wala usiseme kwamba haya ni mambo ya zamani. Leo kila mkono una simu, na simu hizi zikipiga usiku hukusanya picha kadhaa za haraka na kuziunga kuwa moja, bila mwenye simu kujua. Halafu kuna kitufe cha kuondoa rangi. Nimeona watu wakikibonyeza kwa makusudi, kwa sababu picha isiyo na rangi inaaminika zaidi. Ina sura ya ushahidi, ina sura ya gazeti la zamani. Inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, chini yake maneno mawili ya hukumu, na kabla ya alfajiri binti wa mtu ameshakuwa malaya na kijana wa mtu ameshakuwa mwizi. Kamati ile ya mwaka 1989 ilikuwa na watu saba. Za siku hizi zina mia mbili, na hazina hata mwenyekiti wa kwenda kuomba radhi.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujawafundisha watoto neno upweke, wafundishe maswali. Mwanga unatoka wapi, na unaishia wapi? Lenzi ilikaa wazi kwa muda gani, na nani angeweza kupita bila kuonekana? Rangi gani zimefichwa? Nani aliombwa asimame hapo? Watafute mistari, vivuli na ukungu usio na maelezo, na wasiupe jina mpaka wajue umetokana na nini. Wakishamaliza hayo, waache wahisi chochote wanachotaka. Hisia zao zitakuwa na adabu.

Picha ile ninayo mpaka leo, imetundikwa sebuleni. Wajukuu huniuliza: "Babu, mbona barabara haina watu?" Nawajibu kwamba watu wapo, watafute baiskeli. Hawaendi kucheza mpaka waipate. Siku wewe, mwalimu, utakapowauliza wanafunzi wako swali kama hilo mbele ya picha ya Paris, niite tena. Makofi yangu nimekuwekea.